Masharti ya Kughairi

Siku kumi na nne kabla: unakatwa asilimia kumi.
Siku saba: nusu.
Chini ya siku mbili, hela imeliwa.
Nakaa banda la mapokezi, Kimbiji,
kompyuta ina mchanga kwenye vitufe,
nimeyasema haya mpaka ulimi umeota sugu.

Hakuna anayeghairi akanyamaza.
Wa Tabata kafikiwa na wageni kutoka Singida.
Wa Mbezi anasema pantoni mbovu;
nikamwambia daraja lipo,
akasema nalo lina tozo.
Vijana wa benki walikosana nani alale hema lipi
mpaka kundi lao la WhatsApp likafa.
Bwana mmoja alimuua shangazi yake mara mbili,
Pasaka na Sabasaba.
Mara ya pili nikampa pole ileile.
Mimi nakata. Mfumo ndio unaokata, nasema,
kama vile kidole kinachobonyeza si changu.

Ijumaa, saa moja asubuhi, akapiga Bi Sikudhani wa Mbagala Kizuiani.
Hema namba tisa, watu wawili, usiku mmoja, kesho.
Nikavuta pumzi nianze.
"Najua," akasema, "imeliwa. Sikupigii kwa hiyo."
Akauliza kama hema husimamishwa hata mteja asipokuja.
Hapana, Bi. Tunatunza turubai.
"Ungelisimamisha."
Nyuma yake magurudumu ya kitanda,
na kipaza sauti kinachoita jina la mtu
kikilitafuna.
"Mlango uelekee majini. Yeye hulala upande wa kushoto."

Sikuuliza nani.

Jumamosi nikalisimamisha mwenyewe: mambo nane,
jiwe badala ya nyundo,
la saba likagoma kwenye matumbawe, nikalihamisha.
Akapita meneja Mwombeki:
mbona tisa limesimama na mtu kaghairi?
Limelipiwa, nikamjibu.
Akafikiri, akatafuta kosa, akaenda kugombana na fundi wa pampu.

Usiku zipu ilikuwa ikigongagonga.
Niliinuka mara moja kwenda kuifunga,
nikajikuta napiga hodi.

Asubuhi kompyuta inataka jibu, namba tisa:
Amefika. Ameghairi.
Chagua moja.
Nikaacha wazi, mfumo ukakataa kuifunga siku.
Mhasibu ananipigia kila mwisho wa mwezi,
anasema kuna Jumamosi moja huku kwenu
haijaisha.