Mashoto

Tulikata tiketi mbili getini, mimi na mama.
Aliuliza bei, akaigeuza kimyakimya kuwa ndoo za kokoto:
ndoo nne kila mtu, kwa kutazama tu
boma la Mdachi.

Kijana wa kutuongoza, kiatu kinang'aa,
alianza na maofisa, bunduki, bendera,
nani alilala chumba kipi,
nani aliutazama Meru kwa dirisha lipi.
Kugeuka, mama hayupo.

Nikamkuta kona ya nyuma, karibu na bomba,
pale lipu ilipobanduka kiasi cha sinia.
Ameinama kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto.
Akagonga kwa ukucha. Akangoja.
"Hili si la Moshono," akasema.
"La kwetu hulia kavu. Hili lina matundu kama kitumbua,
limetoka karibu na maji.
Na aliyelichonga alikuwa mashoto.
Tazama tindo ilivyolala: upande usio wangu."

Kijana alifungua kijitabu, akakifunga.
"Wajenzi walikuwa wenyeji."
"Wenyeji," mama akarudia,
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Miaka ishirini na sita anavunja mawe:
maghorofa ya Njiro, msingi wa kanisa,
ukuta wa shule iliyonifukuza ada ilipochelewa.
Hajaitwa kwenye uzinduzi hata mmoja.
Sasa kiganja chake kimefunika zile alama,
vidole vinatafuta vidole.
"Hapa alisimamiwa, kagonga kwa hasira.
Hapa chini, pasipoonekana na mtu,
ndipo alipolinyoosha vizuri."
Akanyamaza. "Sijui kwa nini.
Hata mimi hufanya hivyo."

Mlangoni palikuwa na kitabu cha wageni.
Jina: Ndeanansia Akyoo.
Nchi: Moshono.
Maoni: alishika kalamu muda mrefu,
foleni ikakohoa nyuma yetu,
akaandika, Mawe ni mazuri. Mtafuteni mashoto.

Kesho yake alfajiri nyundo iliniamsha.
Haikuwa ile niliyokulia nayo,
ile ya kwenda sawa kama saa ya ukutani.
Hii ilijikwaa, ikakaa, ikarudi.
Nikachungulia dirishani.
Mama, na khanga yake ya kazini,
nyundo ameihamishia mkono wa kushoto,
anapiga, anakosa,
ananyonya kidole, anapiga.