Jike Hutamka Mbili

Niliamka kabla ya jogoo wa kina Somoe,
nikavaa shati la juzi, lenye moshi wa kubangua korosho,
nikabeba gobole, na kibali chake ndani ya mfuko wa nailoni,
maana mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne
na kanga, mvua ikishika, huachana na kundi,
wawili wawili, kila dume na wivu wake.

Pale Shimo la Mungu, Newala inapokatika ghafla
kama mkate uliomegwa na mtoto,
ukungu ulijaa hadi ukingoni.
Ruvuma siioni. Msumbiji siioni.
Miguu yangu naijua kwa baridi ya umande tu.

Nikaketi nyuma ya mtopetope mwitu,
mgongo kwenye jiwe, nikabana ulimi:
tu-kwii. Tu-kwii.

Sauti hii alinifunza mama, si baba.
Baba alikuwa na shabaha, hakuwa na subira ya midomo.
"Jike hutamka mbili," mama alisema, akipeta mtama,
"dume hutamka moja, tena kwa pupa.
Ukizidisha, unajiuza.
Ukinyamaza mno, anakwenda kwa mwingine."
Nilidhani ananifunza kanga.

Nikaita. Nikangoja.
Ng'ambo ya korongo pakajibu:
chi, chi, chi, chi!
Dume. Tena pande la dume, kwa jinsi alivyokaza.
Moyo ukanidunda hadi kwenye kucha.

Nikashusha sauti, kama anayetaka kubembelezwa.
Akasogea. Nikasogea.
Saa nzima tulibembelezana hivyo,
mimi nikitambaa kwa tumbo juu ya changarawe,
yeye akija, akisita, akija,
na jua likianza kuupasua ukungu vipande.

Kitu kimoja kilinikera:
dume huyu hakukosea hata mara moja.
Ndege wa kweli hukosea. Hukatisha, hupaliwa,
husahau mapenzi akiona kumbikumbi.
Huyu aliita kama aliyekariri.

Majani yakatikisika, hatua ishirini.
Nikainua gobole. Kidole kikapata mahali pake.
Nikaona buluu,
buluu ile ile ya shingo ya kanga,
nikavuta pumzi, nikaizuia,
na buluu ikawa ugwe wa kandambili.

Juu ya kandambili, goti.
Juu ya goti, mtutu
unaonitazama jicho kwa jicho.

Nalinga.
Nalinga wa mikorosho minne ya mpakani,
Nalinga wa baraza la kata, mara tatu, na nauli zake,
aliyekuja kumchimbia mama kaburi
akachimba hadi mwisho, akafuta jembe kwa majani,
akaondoka bila kunipa mkono.

Sijui tulikaa muda gani.
Siafu mmoja alinipanda shingoni, akaniuma,
nikamwacha aniume.

"Jike gani wewe," akasema hatimaye, "una ndevu."

Mtutu wake ukashuka. Wangu ukashuka.
Hatukucheka. Kicheko kilikuwepo,
ila kilikaa kooni, kama mfupa wa kambale.

"Nani alikufunza kuita hivyo?"
Akaangalia kandambili yake, kisha bonde.
"Mama yako. Kibarazani kwenu, mwaka wa njaa.
Wewe ulipewa jike.
Mimi nikapewa dume.
Hukumbuki?"

Sikukumbuka.
Nilikumbuka ungo, nilikumbuka mtama,
nilikumbuka makapi yakiruka kwenye mwanga.
Mtoto wa pili pale kibarazani
nilikuwa nimemfuta, sijui lini,
labda baraza la kwanza, labda la pili.

Ndipo, nyuma yetu sote wawili,
kutoka upande wa ile mikorosho minne,
kanga akalia.
Tu-kwii. Tu. Kwi...
Akakatisha. Akapaliwa. Akaanza upya.

"Huyo sasa," nikasema.
"Huyo," akasema Nalinga,
na hakuna aliyeinua bunduki.
Mikono ilikuwa bado inatetemeka,
yangu, na yake, nimeiona.