Kilo Themanini na Nne

Fremu tuliiunga majira ya baridi, mabomba ya mraba,
Idris akichomelea, mimi nikishika taa na kuilaani mvua
ya Bethesda, inayonyesha kama deni lisilolipika.
Ilipokamilika tuliinyanyua wawili tu,
tukaizungusha gereji nzima kama watu wanaohamisha kitanda.
Nyepesi mno. Tukacheka.
Kisha tukaanza kugombana.

Gari bila injini ni kiti tu,
na ndugu yangu alitaka tutie ile ya gari la baba:
chuma cha kusubu, kilo mia na thelathini kabla ya giaboksi.
"Tunaijua," alisema. "Nayo inatujua."
Kweli. Ilitupeleka shule, hospitali, mazishini.
Spea zake zimejaa kila banda kutoka hapa hadi Bangor.
Lakini weka mzigo ule juu ya magurudumu membamba hivi
uone pua ikizama konani kama ng'ombe anayekunywa maji.
Sikumwambia hivyo.
Nilimwambia, "Baba naye alikuwa mzito."
Hatukusemezana hadi Jumanne.

Cledwyn, aliyepasua miamba machimboni miaka thelathini,
akatuletea habari za silinda nane, alumini tupu.
Kwake yeye kisichonguruma hakijafanya kazi.
Tukaikata kwa kadibodi, tukaipachika mahali pake:
ekzosi ilipita pale pale usukani ulipotaka kupita.
Cledwyn akasema tuhamishe usukani.

Kikaratasi tulikiona dukani, kwenye chakula cha kondoo.
Iolo alitufungulia kwa gongo moja,
suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti.
Pikipiki ilikuwa imelala ubavu chini ya turubai,
uma wa mbele umepinda, injini haina hata mkwaruzo.
"Ukuta ulichukua ulichotaka," akasema. "Hii ukaiacha."

Hakuuliza tuna kiasi gani.
Aliuliza, "Sampu mtaifanyaje?"
Idris akanitazama.

"Imezoea kuinama. Miaka sita imeingia kona ikilalia upande,
na oili ikabaki chini, mdomoni mwa pampu.
Gari haliinami. Oili itakimbilia pembeni,
pampu itameza hewa, na kwenye mizunguko elfu kumi
sekunde tatu za kiu zinatosha kuua."
Aliyasema haya amesimama wima kabisa,
kiganja kwenye gongo, vifundo vimekuwa vyeupe.
"Itieni vizuizi ndani. Vikuta vidogo.
Ifundisheni kusimama."

Tuliipima kwenye mizani ya bafuni ya mama,
giaboksi ikiwa humo humo tumboni mwake:
themanini na nne.
Idris akapanda baada yake, kwa mzaha:
mia na moja.
"Basi tatizo limepatikana," nikasema,
na kwa mara ya kwanza tangu mazishi
alicheka hadi akakaa chini.

Ya baba ipo bado kwenye kona, juu ya tairi,
imefunikwa blanketi. Hakuna anayeitaja.
Jumapili naona blanketi limekunjwa vingine
na kitambaa kimelowa oili mpya.

Haina gia ya kurudi nyuma, hii ya pikipiki.
Tulilijua hilo tangu mwanzo,
kama mtu anavyojua kuwa atazeeka.

Aprili, kwenye kijia cha Gerlan, kuta za mawe huku na huku,
tukakutana uso kwa uso na trekta.
Iolo alikuwa kiti cha abiria, gongo kati ya mapaja.
Idris akashuka kusukuma. Nikashuka.
Iolo akanyoosha mkono, akaushika usukani kutoka upande wake,
shingo ameigeuza, akiita: kushoto, kushoto, hapo, basi,
na mwenye trekta, ambaye hatumjui,
akazima mtambo wake, akavuka matope, akatia bega,
akauliza mbona kitu kimekuwa chepesi hivi.
Idris, akihema,
akaanza kumweleza habari za sampu.