Inachezwa Mara Moja

Jincy akitoka zamu ya usiku hali kwanza.
Anavua viatu, anakaa kwenye ngazi ya jikoni,
anachomeka waya masikioni,
na mzee wa Glasgow anaanza upya kulalamikia goti lake.

Mzee huyu tunamjua kuliko jirani.
Goti la kushoto. Mjane. Anafuga njiwa.
Dawa yake miligramu (na hapa ndipo tunapokwama)
kumi na tano, au hamsini?
Kwa Kiingereza namba hizo ni pacha,
mama yao mwenyewe huwatambua kwa mkia,
na mzee yule humeza mikia yote.

Mke wangu husikia maji kwenye pafu la mtoto
kabla eksirei haijasema neno.
Miaka kumi na mmoja ameweka chuma baridi
vifuani mwa watu wa Pala,
wakulima, masista, walevi,
akasema, hapa kuna kitu,
na kitu kikawapo.
Sikio hilohilo limeanguka mtihani mara mbili.

Basi nimekuwa mwalimu.
Mimi, Kurian, mgema wa mpira.
Saa tisa usiku nina taa kichwani na kisu mkononi,
mti hadi mti;
saa moja jioni nina miwani ya mama
na karatasi za darasa la Kottayam,
lile la orofa ya tatu, juu ya duka la dhahabu.
Nasoma maneno ya daktari, nasoma ya mgonjwa,
nasoma ya mke wa mgonjwa kwa sauti nyembamba
hadi Jincy anadondosha kalamu kwa kicheko.
Anapata yote. Ishirini na nne kwa ishirini na nne.
Tulifurahi wiki nzima
kabla hatujang'amua kwamba anafaulu Kiingereza changu,
Kiingereza kisichowahi kuvuka mto Meenachil,
na huko anakokwenda
hakuna atakayeugua kwa sauti yangu.

Juni, mvua ikashuka juu ya mabati.
Mama akasema, ngojeni ipite.
Jincy akasema, iacheni, hata wodi zao zina kelele.
Akajifungia kwenye kibanda cha kukaushia mpira,
chini ya zile shuka za utomvu zinazonuka moshi,
akamtafuta mzee wa Glasgow ndani ya mvua
kama atafutaye moyo ndani ya mtu mnene.

Sikio la kufa halisikii dawa, alinong'ona shangazi.
La Jincy lasikia dawa, jina lake na saa yake.
Kinachompita ni mkia tu.

Jana usiku nikamwomba anifundishe mimi.
Nikachomeka waya mmoja, akabaki na mwenzake,
vichwa vyetu karibu kama vya wezi.
Sikuelewa kitu.
Ila mwanzoni kabisa, kabla mzee hajafungua neno,
nilimsikia akivuta pumzi.
Nikamwambia Jincy. Akarudisha nyuma, akakunja uso,
akaisikiliza pumzi ile mara nne.
"Huyu hapumui vizuri," akasema. "Si goti tu."
Na katika maswali yote ishirini na nne
hakuna hata moja lililouliza hilo.

Leo alfajiri, basi la Kochi.
Alisema kitu dirishani, dereva akakanyaga mafuta.
Nikazungusha mkono hewani: rudia!
Akacheka, akatikisa kichwa,
akaninyooshea kidole kimoja.

Nimerudi kwenye miti. Vikombe vimejaa maji ya mvua,
leo hakuna cha kugema.
Neno lile lilikuwa fupi, mdomo ulifunga mwishoni.
Laweza kuwa jina langu. Laweza kuwa mwavuli, ameusahau.
Nimejaza kwa kubahatisha,
kama wanavyofundishwa juu ya duka la dhahabu:
usiache mstari mtupu.