Hayo Tisa

Kila Jumanne, nikishampima presha,
Delbert Ostrander hunisogezea ndoo
iliyojaa maganda ya shaba, meusi kwa moshi,
na makopo manne yaliyowahi kuwa ya kahawa.
"Nichambulie," husema, kama mtu anayekabidhi mchele.
Nami huchambua. Nje upepo wa Livingston
unautikisa mlango wa banda
kama mdeni aliyeshindwa kusubiri.

Kopo la kwanza, arobaini na nne.
La pili, arobaini na tano, yale marefu,
ya babu yake mchunga ng'ombe, au ndivyo anavyodai.
La tatu, thelathini na nane, ndilo hujaa upesi.
La nne ni la thelathini na mbili,
madogo kama meno ya mtoto
yanayosubiri kutupwa juu ya paa.

"Namba zenyewe zinadanganya," akaniambia siku moja,
akaibana risasi katika taya za kipimo.
"Hii wanaiita thelathini na nane. Soma."
Nikasoma: thelathini na sita, kasoro kidogo.
"Na hii arobaini na nne?"
Hata arobaini na tatu haijafika.
Akacheka mpaka akakohoa.
Mwili ulikonda zamani, jina likabaki na unene wake,
na hakuna aliyejisumbua kulipunguza.
Nikamwambia: kama shangazi yangu,
aliyezikwa na miaka themanini na mitatu
akiitwa bado Bi Mdogo.

Kwetu, nikaongeza, neno ni moja:
risasi ni madini unayoyayeyusha kwenye sufuria ile,
na risasi ni kinachotoka mtutuni.
Akaniomba nilirudie.
Ri-sa-si.
Akasema linasikika kama silinda
ikizungushwa na mtu asiye na haraka.

Vijana wa ng'ambo ya reli wanapenda tisa,
milimita tisa, mpini wa plastiki,
kumi na saba kwa pumzi moja.
"Si mbaya," akakiri. "Inafika. Inatosha."
Mzoea punda, nikasema moyoni.
Kwa mdomo nikasema: hayo tisa, Delbert. Kumi ni nini?
Ilibidi nimfafanulie.
Akakaa kimya, ganda limevaa kidole chake kidogo
kama kastabini ya fundi cherehani.
"Kumi," akasema, "ni kwamba sita unazijua zote."

Mimi sizipendi. Nasema wazi.
Nilifanya wodi ya usiku kule Billings,
nimeona kazi ya namba hizi, hata zile ndogo,
katika tumbo la kijana ambaye viatu vyake
vilikuwa bado na lebo ya dukani.
Siku nilipomsimulia hakunipa ndoo.
Alitengeneza chai mwenyewe, mbaya sana, nikainywa.

Mwaka nilioanza alikuwa akipiga arobaini na nne;
teke lake liliyagonga madirisha ya jirani.
Kisha kifundo cha mkono kikakataa,
akashukia thelathini na nane.
Machipuko haya ni thelathini na mbili.
Chini ya hapo kuna nini?
"Ishirini na mbili, ya kuulia makopo.
Na chini yake, hiki."
Akanyoosha kidole kwenye kopo la kahawa: "Pu."

Ile ya babu huijaza tano tu.
Tundu la sita hulala tupu chini ya nyundo,
ndiyo adabu ya bastola za kale.
Arlene, alipokuwa hai, alikunja humo
orodha ya dukani, mume asisahau:
mayai, betri, uzi mweupe.
Juzi, nikiifuta vumbi, nililiona tundu.
Halikuwa tupu.
Karatasi imegeuka rangi ya chai. Sikuivuta.

Nikamfunga kitambaa cha presha mkononi, nikapuliza.
Mia na hamsini na nane kwa tisini na mbili.
"Kipenyo gani hicho?" akauliza.
Kikubwa mno, nikamwambia.
Shuka.