Kioo cha Jumapili

Behewa la mwisho lilikuwa letu,
halina dirisha, limepakwa chokaa,
na stesheni zote za Minas zilifunga milango
kana kwamba ukoma hukata tiketi, ukashuka kunywa kahawa.
Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Langoni karani hakuniuliza nimelala wapi;
aliandika namba, akabadilisha pesa za mama
kwa sarafu za bati zenye tundu katikati,
sarafu zisizonunua hata kiberiti ng'ambo ya uzio.

Lakini msitulilie mapema.
Tulikuwa na bendi. Belarmino alipuliza tarumbeta
kwa vidole vitatu, na noti alizozikosa
tulizijaza sisi kwa miguu.
Tulikuwa na timu ya mpira. Wa nje walikuja,
wakatufunga mabao sita, wakakataa kutupa mkono.
Tulikuwa na jela pia, nyuma ya tanuri la mikate,
maana hata mgonjwa huweza kutoroka
akamzike baba yake.
Nililala humo siku kumi na tano.
Kaburi nililikuta limeshafukiwa.

Mimi na Ubirajara tulioana Juni. Mtoto alikuja Machi,
usiku, mvua ikipiga mabati.
Sista alimviringisha, akampitisha mlangoni
ndani ya kapu la nguo chafu.
Sikumshika. Niliona kisigino.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tuseme hivyo;
na kapu je, halikujua?

Kisha Jumapili moja kila mwezi, chumba cha maongezi:
kioo toka ukuta hadi ukuta.
Alijifunza sura yangu ikiwa na ukungu wa pumzi.
Alibandika kiganja kwake, nami kwangu,
mkono huu usiohisi moto wala sindano.
Naapa, ulihisi kioo kikipata joto.

Vidonge vilipofika hakuna aliyeung'oa uzio.
Uliliwa na kutu, nguzo moja moja.
Wakasema: nendeni.
Wapi? Barua yangu ya nyumbani ilirudi
haijafunguliwa, imenuka dawa ya kuulia wadudu.

Sasa Deolinda huja kwa basi, na mvi zake,
na keki ya mahindi ndani ya taulo.
Akiingia husimama hatua mbili mbele yangu,
hanyanyui mkono,
kama anayesubiri kitu kiondolewe kati yetu.
Namwambia, vua viatu, mwanangu, umetoka mbali.
Nami huangalia chini kwanza.