Kipupwe cha Kabale

Nilikuja kwa wiki mbili, kutengeneza mizani ya wauza viazi.
Huu sasa mwezi wa tatu.
Asubuhi vilima havipo, ukungu umevifuta;
vinarudi saa nne, kimoja kimoja,
kama wadaiwa.

Mama Kyarisiima, mwenye nyumba,
hunipa kikombe cha bushera ya moto,
blanketi la pili, juzi la tatu,
wala hagusii kodi.
"Agandi," ananiamkia.
Nami, Mmwera wa Nachingwea,
naitikia kwa meno yanayogongana.

Nimepima magunia mpaka Kisoro,
nimezikamata kilo zilizoibwa
kwa sumaku chini ya sahani.
Lakini mkono huu, usiku,
ukiwa hauna wa kumlalia,
sijui uzito wake.

Jana mtandao ulikubali. Somoe akampa Chande simu.
"Baba, baridi ikoje?"
Ukifungua mdomo, nikamwambia, moshi unatoka,
kama birika.
Kimya. Nikadhani imekatika.
"Sasa unapika nini humo ndani?"

Nikageukia dirisha; pumzi yangu imelitia ukungu.
Wali, nikasema. Kama wa mama yako.
Bado haujaiva.